Muhogo wa Mreno

Kibokoni mbaazi huisha mapema. Watu wakitoka sala ya alfajiri sufuria bado imejaa, tui limetulia juu yake. Ikifika saa mbili upawa unakwangua chini, na atakayekuja baada ya hapo atapewa mahamri na pole. Ndiyo maana siku ya kuutembea Mji wa Kale wa Mombasa huanza gizani. Mwenye sufuria ndiye aliyekuwa mwenyeji wangu, mama wa makamo aliyezaliwa na kuolewa mtaa uleule, na aliniamsha kwa kugonga ukuta wa chumba nilicholala.

"Ndoo mwanangu," aliita. "Wateja hawangoji."

Nilipewa kigoda karibu na karai, kazi yangu kupokea pesa. Mahamri ya Mombasa si maandazi ya kwetu bara. Unga hukandwa kwa tui la nazi, ukatiwa hamira na iliki iliyotwangwa, ukafunikwa usiku kucha uumuke. Alfajiri husukumwa, hukatwa pembe tatu, hutoswa kwenye mafuta ya moto, na humo huvimba hadi ndani pakabaki uwazi. Uwazi ule ndio makao ya mbaazi. Hamali aliyeegesha mkokoteni wake alipasua hamri kwa vidole viwili, akachota, akafunga, akala amesimama, na hakuna hata tone la mchuzi lililoanguka. Wakaja watoto wa shule na mabakuli ya nyumbani, wakaja wazee waliotoka msikitini, akaja kijana wa tuktuk ambaye hakuzima hata injini. Kila mmoja alimwamkia kwa namna yake: shikamoo, chechee, sabalkheri. Yeye aliwajibu wote bila kuinua macho kutoka kwenye mafuta.

Mombasa nimefika mara nyingi. Miaka ya mwanzo niliitembea kama wageni wote: nikapiga picha chini ya zile pembe za ndovu za barabara ya Moi, nikaingia ngomeni, nikavuka Likoni kwa feri kwenda na kurudi, nikapanda basi la usiku. Nilirudi nyumbani na picha za kuta. Ilinichukua muda kuona kwamba nilikuwa nikiwatazama wale tu waliopigania mji huu, na siyo waliouishi. Ngome huhesabiwa kuwa imetwaliwa na kupokonywa mara tisa. Sufuria haikutwaliwa na mtu. Kila aliyekuja na mizinga, kama alikaa vya kutosha, aliishia kuacha kitu ndani yake, nao waliopika waliamua wenyewe wakibakishe au wakitupe. Kwa hiyo safari hii niliamua kuufuata mji kwa saa zake za kula.

Saa mbili kasorobo sufuria ikageuzwa. Mama alikaa kusugua masizi, mimi nikashuka kuelekea Ndia Kuu.

Jina hilo lenyewe linastahili tusimame kidogo. Kwa Kiswahili tulichofundishwa shuleni ingekuwa Njia Kuu, lakini Kimvita, lahaja ya Mombasa, husema ndia kwa njia, nti kwa nchi, mato kwa macho, na kahawa isiyo na sukari ni kahawa tungu. Mwaka 1928 wakoloni waliitisha mkutano wa kuchagua lahaja itakayokuwa Kiswahili sanifu. Mkutano ulifanyika hapahapa Mombasa, na lahaja iliyochaguliwa ikawa ya Unguja. Lugha ya mji uliowakaribisha wageni ikabaki kuitwa lahaja. Mimi ni mtoto wa Kiswahili sanifu na ndicho ninachoandikia, ila kila ninaposoma kibao cha Ndia Kuu nahisi deni.

Barabara ni kuu kwa jina. Kwa upana, tuktuk mbili zikikutana moja hupanda kizingiti cha mtu. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zimepandana pande zote mbili, roshani za mbao zikitokeza juu ya vichwa, na chini ni mabaraza, milango ya nakshi, paka, baiskeli, na hamali anayesukuma magunia huku akipaza sauti, "Similla! Similla!" Ukiisikia, bana ukutani. Kuta hizi ni nene, na vyumba nyuma yake ni vyembamba na virefu, kwa sababu mjenzi alipimiwa na mti: dari hushikwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki mbali. Baadhi ya nyumba zimepakwa rangi na kuwa maduka ya vinyago. Nyingine zimepasuka roshani, na mchicha pori umeota kwenye nyufa za ghorofa ya pili. Iliniuma kuona mlango wa mvule wenye maua yaliyochongwa na mkono uliokwisha kuoza ukifungwa kwa waya.

Msikiti wa Mandhry unasimama humo, mnara wake mweupe ukichongoka kuelekea juu. Ulijengwa mwaka 1570, miaka 23 kabla ya Wareno kuweka jiwe la kwanza la ngome yao, na bado unasaliwa. Lakini kabla yake ilikuwapo misikiti mingine, na aliyeieleza ni Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyepita Mombasa mwaka 1331. Aliandika kwamba misikiti ya hapa ilikuwa ya mbao, imejengwa vizuri. Kwamba mlangoni pa msikiti palikuwa na kisima, na watu, ambao walitembea peku, waliteka maji wakaosha miguu kabla ya kuingia. Na aliandika walichokula: ndizi na samaki. Kisiwa hakikulimwa nafaka, asema, ililetwa kutoka bara.

Nilisimama kivulini nikihesabu ambavyo havikuwapo siku hiyo. Ibn Battuta hakuona muhogo. Hakuona mahindi, viazi, nyanya, nanasi, papai, wala pilipili hoho, maana mimea hiyo yote ilikuwa bado upande wa pili wa dunia, Amerika, na hakuna meli iliyokuwa imekwenda kuileta. Yule mama wa Kibokoni, angemkaribisha Ibn Battuta leo, angeweza kumwekea ndizi na samaki na mgeni akavitambua. Vingine vingempasa aulize.

Ngome niliiingia kabla jua halijawa kali. Jina lake ni Fort Jesus. Ujenzi ulianza mwaka 1593 na kumalizika mwaka 1596, kwa amri ya mfalme Philip aliyezishika Hispania na Ureno kwa pamoja, na mchoraji wa ramani alikuwa Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama kutoka angani, ina umbo la mtu aliyelala chali, kichwa kikielekea baharini. Kuta zake zimesimamishwa juu ya mwamba wa matumbawe, zikapandishwa kwa mawe ya matumbawe hayohayo, na rangi yake alasiri ni ya samli. Tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Ndani nilichotaka kukiona tena ni ukuta wa michoro. Askari na mabaharia wa Kireno, wakiwa zamu, walichora kwa makaa na udongo mwekundu: meli, watu, meli tena. Ni michoro ya watu wenye hamu ya kwao. Hatua chache kutoka hapo ni vyombo vilivyopandishwa kutoka kwenye Santo António de Tanna, meli iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 na kuchimbuliwa chini ya maji kati ya mwaka 1977 na 1980. Ilikuwa imekuja kuwaokoa waliozingirwa.

Mzingiro huo ulianza tarehe 13 Machi 1696, jeshi la majini la Oman lilipotia nanga, na ulikwisha tarehe 13 Desemba 1698. Miezi 33. Husimuliwa kama vita vya Waomani na Wareno, na mwongoza wageni aliyenipita na kundi lake aliusimulia hivyo. Lakini Wareno ndani ya kuta walikuwa wachache tangu mwanzo. Wengi wa waliojifungia humo walikuwa watu wa pwani hii, waume, wake na watoto, waliokuwa upande wao. Tauni ikaingia. Ilifika siku, Agosti 1697, ngome ikawa mikononi mwa Bwana Daud wa Faza na jamaa zake, pamoja na Waafrika wengine wachache, wengi wao wanawake. Wanawake hao ndio walioshika kuta za mfalme wa Ureno.

Walikula nini? Hilo ndilo swali lililonishika, nikaketi kwenye ngazi kulifikiria. Nafaka ilikuwa ng'ambo ya maji, kama siku za Ibn Battuta. Kisima kimo ndani, kisamaki cha kuvua kingepatikana usiku kwa mwenye roho ngumu. Mtu alikuwa akigawa kidogo kilichopo, na akiamua nani ale kwanza, askari au mtoto. Sijui kama ipo kazi ngumu kuliko hiyo ndani ya ngome. Majina ya makapteni tunayo.

Kuna neno moja ambalo ngome hii ililizaa. Ndani palikuwa na kanisa, na kanisa kwa Kireno ni igreja. Watu wa nje, waliokuwa wakiona kuta na kusikia kengele, wakaligeuza kuwa gereza, na kwa kuwa majengo ya namna hiyo hutumika kufungia watu, maana ikahama. Kisha mwaka 1895 Waingereza wakaigeuza Fort Jesus kuwa gereza kweli, na ikabaki hivyo hadi mwaka 1958. Jumba la makumbusho lilifunguliwa mwaka 1960. Wareno walimwaga damu nyingi katika pwani hii: waliichoma Mombasa mwaka 1505, wakairudia mwaka 1528. Walichoacha katika lugha ni vitu vya chumbani na mezani: meza yenyewe, leso, foronya, mvinyo, karata, bendera. Ukitafuta amri ya mfalme katika Kiswahili hutaikuta, ila foronya unailalia kila usiku.

Nje ya lango, kwenye makaburi ya ukoo wa Mazrui, amelala Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, akafariki Marekani mwaka 2014, na kuletwa kuzikwa kwao. Ukoo huo uliitawala Mombasa hadi Seyyid Said wa Oman na Zanzibar alipouvunja nguvu mwaka 1837. Niliomba dua fupi nikaendelea, maana Mama alikuwa amenituma.

Alinituma Marikiti. Soko hilo lilijengwa mwaka 1914, na kwa miaka mingi lilibeba jina la Mackinnon, lakini nani aliliita hivyo akiwa na kikapu mkononi? Kuzifikia meza za ndani ni kazi ya mabega. Kaunti ya Mombasa ilihesabiwa watu 1,208,333 katika sensa ya mwaka 2019, na saa tano asubuhi ungesema nusu yao wanataka ndimu. Msongamano wa Marikiti una adabu zake: husukumi, unasema "samahani mama" na kuegemeza bega, hugusi embe usilokusudia kulinunua, na bei ya kwanza huijibu kwa salamu, siyo kwa bei.

Nyuma ya soko ndipo yalipo maduka ya viungo, na pale pua huongoza. Mdalasini wa magome, karafuu, iliki ya kijani, bizari nzima na ya kusaga, mashada ya pilipili zilizokaushwa. Hapa pia majina yana ya kusema. Pilipili manga ni ile nyeusi, ya biashara za kale za Bahari ya Hindi, na Manga ni Arabuni. Mahindi yanajiita ya Hindi, ilhali asili yake ni Amerika na huku yaliletwa na Wareno: mkulima wa kwanza wa pwani aliyeyapokea pengine alidhani kila kigeni kizuri hutoka Bara Hindi. Nilinunua nazi mbili, kitunguu thomu, ndimu, na pilipili mbuzi za kutosha kutoa machozi. Muuzaji aliongeza kotimiri bila kuombwa, akasema msalimie Mama. Alijua nimetumwa na nani kwa kutazama kikapu.

Chakula cha mchana kilikuwa samaki wa kupaka, na nitakaa hapa muda kidogo. Changu alikuwa amesafishwa na kuchanjwa, akapakwa chumvi, ndimu na thomu, akaachwa apumzike. Mimi nilikalishwa kwenye mbuzi kukuna nazi. Tui la kwanza, lile zito liitwalo kasimile, lilikamuliwa na kuwekwa kando. La pili na la tatu likaenda kwenye wali. Samaki alichomwa kwa makaa hadi ngozi ikakauka pande zote. Kasimile ikatiwa bizari, pilipili na ukwaju, ikakorogwa motoni upande mmoja bila kuachwa, maana tui likichemka bila mkono hukatika. Ilipokuwa nzito kama uji, Mama akaanza kumpaka samaki juu ya makaa, akimgeuza, akimpaka tena, kila tabaka likikauka kabla ya jingine. Moshi wa nazi ukapanda dirishani na jirani wa ghorofa ya juu akauliza kwa sauti kama kuna mgeni.

"Kuna mtoto wa bara," Mama alijibu. "Nimpeleke vipi kwao hajala?"

Tulikula mkekani, kwenye sinia moja. Upande wa mgeni ndiko minofu minono ilikosukumwa, na nilijua nisiirudishe.

Baada ya adhuhuri mji hulala, na mgeni mwenye busara hulala nao. Alasiri Mama alitaka kwenda barabara ya Biashara kununua leso ya harusi ya mpwa wake. Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo asili yake ni mwaka 1887, liko huko, na kila mwanamke wa pwani anaijua alama ya Mali ya Abdulla. Bara na Unguja tunasema kanga. Mombasa husema leso, lenço ya Mreno, kitambaa cha mkononi. Wanawake wa karne ya 19 walinunua vitambaa vya leso vikiwa bado havijakatwa, wakavishona pamoja, wakapata vazi ambalo Mreno mwenyewe hakuwahi kulifikiria. Baadaye ndipo zikaja zilizochapwa, kisha maneno yakaandikwa. Mama alipitia majina ya leso moja baada ya nyingine kwa nusu saa, akikataa yenye kijembe. Harusi hii ilikuwa imechelewa kwa ugomvi wa mawifi, na alitaka neno lisilomgusa mtu.

Tulipita Bandari ya Zamani jua likiinama. Zamani, kaskazi ilipovuma kuanzia Desemba, majahazi ya Ghuba yalijaa hapa na tende, chumvi, papa mkavu na mazulia, yakangoja kusi iyarudishe kuanzia Aprili na boriti za mikoko. Tangu Kilindini ikue upande wa pili wa kisiwa, hapa pametulia. Siku hiyo palikuwa na vyombo viwili, na wazee watano kwenye baraza wakinywa kahawa. Muuzaji alivigongesha vikombe mkononi, akamimina kutoka dele yenye makaa chini yake. Kahawa tungu, ya tangawizi, na kipande cha halua kwa kila mtu. Wazee walinipisha bila kukatiza mazungumzo yao, yaliyohusu bei ya samaki.

Viazi karai tulivila tukitembea: viazi vya kuchemsha vilivyochovywa kwenye rojo la unga la manjano, vikakaangwa, vikapasuliwa na kumwagiwa ukwaju wa pilipili. Magharibi ilitukuta Lighthouse, kwenye ukingo wa bahari wa barabara ya Mama Ngina, na Mombasa nzima ilikuwa imefika kabla yetu. Familia zimetandika mikeka chini ya mibuyu, watoto midomo myekundu kwa mabuyu, vijana na madafu, na mwanga wa majiko ya makaa ukifuata ukingo hadi macho yanapoishia.

Mwuza muhogo alichagua mmoja mnene, akaugeuza juu ya makaa hadi ukapiga weusi, akaupasua kwa urefu, akausugua kwa nusu ya ndimu iliyochovywa kwenye chumvi na pilipili ya unga. Muhogo ni wa Brazili. Pilipili ile nyekundu ni ya Amerika pia. Vyote viwili vilipanda meli za watu walewale waliojenga ile ngome, na hapa vilipata ndimu, ambayo Ibn Battuta aliikuta. Nilimwambia Mama hayo yote huku nikitafuna, kwa furaha ya mtu aliyegundua jambo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Basi Mreno alileta muhogo," alisema. "Na ndimu nani alimwambia atie?"

Meli ya makontena ilikuwa ikiingia mkondo wa Kilindini, ndefu kama mtaa, karibu hata tukaona mtu amesimama sitahani. Watoto wakampungia. Mama alinunua mihogo mitatu zaidi, akaifunga kwenye gazeti kwa ajili ya watu wa nyumbani, akaning'iniza leso ya mpwa wake begani.

"Tuinuke mwanangu," alisema. "Sijakanda, na mbaazi sijaziroweka."